Tandiko la Bibi

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, vinyago, mashairi na matambiko. Si vibaya. Lakini yako mambo mengine ya utamaduni yaliyokunjwa na kuwekwa chini ya nguo sandukuni, nayo hayatolewi ila siku ya msiba au siku ya kuhama. Katika makala haya twapenda kueleza habari za kitu kimoja cha namna hiyo, yaani tandiko la kitanda alilolishona bibi yetu mzaa baba, mjini Pangani, kwa nguo kuukuu za watu wa nyumba yetu. Hatulielezi kwa sababu ni zuri kupita yote. Mahali pengine limeshonwa ovyo, na upande wake mmoja ni mrefu kuliko wa pili kwa shubiri nzima. Twalieleza kwa sababu nusura litugombanishe, na ugomvi wenyewe haukuwa wa mali.

Kila aliyelelewa pwani ajua kwamba nguo haitupwi. Kanga ikiwa mpya ni ya kutokea. Huvaliwa arusini, na huenda nayo mtu kuhani msiba. Ikianza kuchujuka huvaliwa nyumbani, kisha jikoni. Baadaye huwa mbeleko, kisha winda la mtoto, kisha kata ya kuwekea mtungi kichwani, na mwisho wake ni tambara la kufutia sakafu. Katika safari hiyo yote hapana anayeiambia nguo kwaheri, maana huondoka kidogo kidogo. Bibi alifuata desturi hiyo kama wenziwe, isipokuwa alikuwa na jambo moja lake mwenyewe. Kabla nguo haijafika kwenye daraja ya utambara, aliikata kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja na nusu, akakiweka katika kikapu cha ukindu juu ya kabati. Kikapu hicho sisi wajukuu tulikatazwa kukigusa.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia. Wanaojua kofia za viua wafahamu kwamba kazi hiyo yataka macho na subira: nguo nyeupe hukunjwa mara mbili, huchorwa nakshi, kisha vitundu vidogo vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka viwe imara. Kofia moja huweza kula miezi. Mkono uliozoea kazi hiyo haukutaabika na viraka. Aliyafumua mavazi mishono yote, akayafua, akayaanika, kisha akavuta kila kitambaa kwa mikono miwili karibu na sikio lake. Nguo iliyooza, alituambia, hulia kabla haijachanika. Iliyobaki kimya aliikubali. Alipopata vipande vya kutosha alivipanga juu ya shuka kuukuu la merikani, akavipiga bandi kwanza kwa uzi mweupe, kisha akashona pindo zake moja moja. Mwisho alidarizi alama juu ya kila kipande, kila kimoja na alama yake. Vipande vyote ni 63. Vingine viliwekwa kabla hatujazaliwa, na vingine twakumbuka siku vilipokatwa.

Hatudai kwamba kila nyumba ya Pangani ilikuwa na tandiko kama hilo. Sisi hatujaona jingine.

Alipokuwa akitulaza alituruhusu kuuliza habari za vipande vitatu kila usiku, si zaidi. Ndivyo tulivyojifunza historia ya nyumba yetu, bila mpangilio wa miaka, kwa kufuata mahali kidole kilipoangukia. Tuseme kidole kiliangukia kipande cha kaki. Hicho kilikuwa cha kaptura ya ndugu yake mdogo, aliyeingia jeshi la keya katika Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki. Kaptura ilibaki nyumbani kwa sababu jeshini alipewa nyingine. Mwenyewe hakurudi. Juu ya kaki hiyo Bibi alidarizi mti mmoja wa mnazi na nusu ya mti wa pili. Tulipomwuliza mbona hakuumaliza, alisema uzi ulikwisha. Tulimsadiki kwa miaka mingi.

Kipande kilichotufurahisha kuliko vyote kilikuwa cha shati la Babu. Babu alitoka bara akaja Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Walimu wenzetu wanaofundisha historia wajua jinsi kazi ile ilivyopimwa: mtu alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi 30, nayo ikatiwa alama kila siku aliyotimiza kazi yake. Siku ambayo hakutimiza haikuhesabiwa, hata kama alishinda juani tangu alfajiri. Kwa hiyo mwezi wa kipande uliweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Bibi alidarizi juu ya shati lile vijumba 30, mistari mitano ya vijumba sita, na ndani ya kila kijumba akatia mshono mmoja wa msalaba. Vitatu vya mwisho aliviacha vitupu. "Hiki ni kipande cha kipande," alikuwa akisema, akacheka peke yake. Babu akiwapo hakucheka.

Kilikuwapo pia kipande cha kanga yenye maneno. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya jina lake, yakabaki maneno mawili tu, "kwa dhiki". Sisi watoto tulidhani hilo ndilo jina lote, tena tuliliona jina baya la kununulia nguo. Tulipokwenda shule ndipo tulipofahamu kwamba methali yenyewe yasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kanga hiyo alipewa na jirani mwaka ule Babu alipougua. Waliosoma historia ya nguo hii husema kwamba desturi ya kuandika maneno juu ya kanga ilivuma kwa kazi ya mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, na kwamba maneno ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bibi alizijua herufi hizo kwa sababu alisoma chuoni. Herufi za Kirumi alizipata uzeeni, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kipande cha gauni alilovaa darasani kimedariziwa jina lake mwenyewe, na herufi ya pili imegeuka nyuma mbele. Aliiona baada ya kumaliza, akakataa kuifumua.

Baadhi ya vipande hatuna haja ya kuvieleza kirefu. Kiko kijani na nyeusi cha wakati wa kudai uhuru, wanawake wa pwani walipojaza mikutano ya TANU. Viko viwili vya khanga za kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kiko cha gunia, naam, cha gunia, kilichotiwa miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipoadimika madukani na watu wakapanga foleni tangu usiku kwa ajili ya doti moja. Mama yetu alimshonea mtoto suruali kwa gunia hilo. Mtoto huyo ndiye sisi tunaoandika, nasi hatuoni fahari wala aibu kulisema.

Sasa twafika mahali penyewe.

Katikati ya tandiko, mahali ambapo mtu angetazamia kuona kisutu cha arusi au kitu cha kung'aa, Bibi aliweka kipande cha kaniki. Kaniki ni nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya nili mpaka ikakaribia weusi. Juu yake amedarizi kwa uzi mwekundu shina moja refu lenye vifundo saba. Sisi tulidhani ni mwanzi. Kando yake ameweka kipande cheupe cha kanzu, sehemu ya badani karibu na kaba, yenye darizi ya hariri iliyoshonwa na fundi hodari. Usiku tulipoweka kidole juu ya kanzu, Bibi alitueleza habari za baba yake, aliyesafiri kwa jahazi mpaka Unguja na Mombasa. Tulipoweka kidole juu ya kaniki alisema, "Hiyo ni ya mama yangu. Lala, mume wangu, kesho shule." Kidole kikahesabiwa kuwa kimetumika, wala hatukupewa kingine badala yake.

Bibi alifariki mwaka 1987. Siku ya arobaini, baada ya wageni kuondoka, sanduku lilifunguliwa mbele ya wanawe watatu na sisi wajukuu tuliokuwa tumekua. Tandiko lilitandazwa juu ya mkeka. Baba mkubwa, ambaye alikuwa mtu wa heshima mjini na karibu atamwoza binti yake katika nyumba yenye jina, alilitazama kwa muda, kisha akasema kwamba litunzwe, ila kile cheusi cha katikati kifumuliwe. Pahali pake patiwe kisutu. Hakutaja sababu. Baba yetu alitazama chini. Shangazi ndiye aliyeuliza, "Kwa nini, kaka?"

"Wajua kwa nini."

Sisi hatukujua. Jibu tulilipata usiku ule kutoka kwa Shangazi, naye alilipata kwa Bibi akiwa mwari. Mama yake Bibi alitekwa akiwa mtoto mdogo kutoka nchi za kando ya Ziwa Nyasa, akaletwa pwani, akauzwa. Alikulia katika mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani, ambako watumwa walikata miwa na kukoroga sukari guru kwa ajili ya matajiri wa mji. Mashina yale mekundu hayakuwa ya mwanzi. Kaniki ndiyo iliyokuwa nguo yake, kwani katika miji yetu ya karne ya 19 mtu alitambuliwa daraja yake kabla hajafungua kinywa: merikani isiyotiwa rangi na kaniki zilikuwa nguo za watumwa na maskini, na mjakazi hakuruhusiwa kujitanda kama bibi wa kiungwana. Alipata barua ya uhuru wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao walitoa barua hizo kwa maelfu ya watu bila kuufuta utumwa wenyewe. Utumwa ulikuja kufutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka 25 baada ya Unguja. Baadaye yule mwenye kanzu alimwoa. Alimpa kanga nyingi, tena nzuri, lakini kipande kimoja cha kaniki alikificha mpaka alipomkabidhi binti yake.

Hapana budi tuseme neno juu ya Baba mkubwa, kwa maana ni rahisi kumhukumu. Alizaliwa katika zama ambazo swali la kwanza katika posa lilikuwa, "Watu wa wapi hao?" Alikwisha kusikia ugomvi wa uani ukimalizwa kwa neno moja la "mtumwa", na wote wakanyamaza. Tangu ujana wake alijieleza kwa jina la yule babu wa kanzu, bila kumtaja mama wa Bibi, wala baba yake mwenyewe aliyekuja na kipande cha mkonge. Nyumba nyingi za pwani zina babu mmoja aliyetoka ng'ambo na bibi kadhaa wasio na kwao. Serikali ilipotufundisha baada ya Uhuru kwamba binadamu wote ni sawa, tuliimba sote shuleni. Lakini sandukuni mambo yalikaa kama yalivyokuwa.

Asubuhi yake Baba mkubwa alileta mkasi mdogo. Shangazi hakubishana naye. Alimwomba akae, akaligeuza tandiko penye mwanga wa mlango, akamwonyesha kile kipande cha kanzu. Tulikuwa tumekiona maisha yetu yote bila kukitazama. Nili hutoa rangi, hasa mara za kwanza kufuliwa. Upande wote wa kanzu unaogusana na kaniki ulikuwa na ukungu wa bluu, ambao ulipanda mpaka kwenye darizi ya hariri. Miaka hamsini ya kufuliwa na kuanikwa haikuutoa.

"Ukikitoa hiki, kaka," alisema, "itakubidi utoe na hiki. Rangi imekwisha kuingia."

Baba mkubwa alisugua pale penye bluu kwa kidole gumba, kama mtu aondoaye vumbi. Kisha aliweka mkasi juu ya mkeka akatoka kwenda msikitini, ingawa wakati wa sala ulikuwa bado. Tandiko likakunjwa. Kwa miaka 16 iliyofuata hakulizungumza, wala hakuzuia lisizungumzwe.

Miaka ile sisi tulikuwa tukifundisha katika shule ya sekondari, na kwa ujinga wa furaha tuliyokuwa nayo tulifanya kosa ambalo twapenda wenzetu walijue. Tuliwaagiza wanafunzi wote walete kila mmoja nguo kuukuu ya nyumbani na kuandika habari zake. Insha nyingi zilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Mmoja aliandika juu ya sweta ya mtumba yenye jina la Kizungu lililoshonwa ndani ya ukosi, akawaza ni nani huyo na kama yu hai. Lakini binti mmoja hakuleta kitu, tukamkemea mbele ya darasa. Kesho yake alikuja na mama yake. Mama yule hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, ziko nguo zetu ambazo mimi mwenyewe sijazifungua." Tuliomba radhi. Tangu hapo zoezi hilo tumelifanya la hiari, na habari ya tandiko la Bibi tumeieleza sisi kwanza, tukianza na kaniki.

Katika kusoma kwetu tumekuta pia kwamba desturi inayofanana na ya Bibi iko ng'ambo ya bahari, kwa watu ambao asili yao ni kwetu. Katika jimbo la Karnataka, India ya kusini, wanaishi Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko, wengi wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa, na baadhi yao wakatorokea misituni. Wanawake wao hushona matandiko ya viraka kwa nguo zilizochakaa za jamaa, nayo huitwa kawandi. Mshonaji huanza ukingoni, akazunguka kwa mishono ya bandi akiingia ndani mpaka katikati. Pembe nne hutiwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake ua, na bila hivyo tandiko huhesabiwa kuwa uchi. Hatuwezi kusema kwamba Bibi na wanawake wale walirithi mshono mmoja. Yamkini mikono yenye nguo chache hufikia shauri lile lile popote. Hata hivyo, tulipoiona picha ya kawandi kitabuni tulishituka, kwani pembe za tandiko letu nazo zina viua vinne, vya namna ile ile ya kofia.

Baba mkubwa alifariki mwaka 2003. Wakati huo Shangazi ndiye aliyekuwa akilitunza tandiko, na tangu msiba wa Bibi palikuwa pameongezwa vipande vitano ukingoni, vyote kwa idhini ya wenye kufiwa. Hatukuthubutu kumwomba mjane wake chochote. Alikuja mwenyewe siku ya arobaini, na kofia ndani ya mfuko wa karatasi. Ilikuwa kofia ya viua aliyoshonewa na Bibi kwa ajili ya arusi yake, imegeuka rangi ya maziwa ya mtindi kwa kufuliwa. Alisema kwamba marehemu alimwagiza ailete, akamwagiza na mahali. Si ukingoni pamoja na wengine. Katikati, juu kidogo ya kaniki, ubavuni kwake, panapo nafasi ya vidole vitatu.

Nafasi hiyo ilikuwapo kweli. Shangazi alikata kipande cha duara la juu, akakiweka, akaanza. Kofia ni ngumu, kwa kuwa nguo yake ni ya mikunjo miwili na nyuzi zimeshikana. Sindano ya kwanza ilivunjika, na ya pili pia. Akatafuta subana yake asiione. Akatugeukia sisi tuliokuwa tumesimama mlangoni kama wageni, akatuambia twende dukani upesi tukanunue sindano ya kushonea magunia kabla giza halijaingia.